Utani Niliomfanyia Yoramu Siku ya Kumzika

Wadogo zangu wa kliniki ya kifafa, mmenisumbua vya kutosha. Tangu nilipokabidhi funguo za kabati la dawa hamjaacha kunipigia simu: "Sista, kuna mama anasema hivi, tufanyeje?" Sasa nimekaa hapa kwangu Masasi, miguu nimeipandisha juu ya stuli kama nilivyowashauri wajawazito miaka yote bila mimi mwenyewe kupata nafasi ya kufanya hivyo, na ninawaandikia. Vyeo na mishahara siandiki. Vyeo havikunitafuta, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika kazi. Halafu nitaandika habari ya Yoramu, maana nasikia mnaisimulia wakati wa chai na mnaisimulia vibaya.

Nilianzia Chiwata, zahanati ya vyumba vitatu, chini ya tabibu mmoja Mmakua tuliyemwita Mzee Nampala. Nilifika na sare iliyopigwa pasi mpaka ikawa inaweza kusimama yenyewe. Mgonjwa wangu wa kwanza aliletwa kwa baiskeli, mwanamume wa makamo, mkono umeungua hadi kwenye kiwiko. Nikakimbilia kidonda. Nikasafisha, nikafunga bandeji, nikajisifu kimoyomoyo. Mzee Nampala aliniacha nimalize yote, ndipo akauliza, "Binti, moto ulimfuata, au yeye ndiye aliyeufuata?" Sikuwa nimeuliza. Kumbe mtu yule alikuwa na kifafa tangu utoto, na asubuhi ile alikuwa akiota moto akaangukia kwenye mafiga. Mimi nilikuwa nimefunga kidonda na kuuacha ugonjwa ukarudi naye nyumbani kwa baiskeli ileile.

Mzee yule ndiye aliyenitia kazini. Mtu akianguka, alisema, usimtie kijiko mdomoni, hakuna anayemeza ulimi wake. Mlaze ubavu, ondoa kila chenye ncha, tazama saa, subiri. Ukienda kwake, angalia jiko kwanza. Kama mafiga yako chini, mwambie mumewe au kaka yake ayainulie jukwaa la udongo, na mgonjwa asipike peke yake. Na vidonge visiachwe kwa ghafla hata siku moja. Kuvianza ni rahisi, kuviacha kuna ngazi zake, na anayeruka ngazi huanguka vibaya kuliko zamani. Hili la mwisho aliniambia mara nyingi mpaka nikawa namkasirikia.

Jambo jingine alilonifundisha hakulisema. Siku zile watu waliamini povu la mwenye kifafa linaambukiza. Mgonjwa alikuwa na sahani yake, kikombe chake, na mara nyingi hata kibanda chake cha kulala huko nyuma ya nyumba. Mzee Nampala siku za kliniki alikuwa anapika ugali, anaketi barazani na wagonjwa wake, sahani moja. Nikaitwa. Nikanawa, nikaketi, na kwa uoga nikawa namega upande wangu tu. Mzee aliona, hakunikemea. Aliendelea kuzungumza habari za mvua, huku mkono wake unaizungusha sahani taratibu, mpaka upande wao ukawa mbele yangu. Nilikula. Kitu hakikunipata, ila aibu.

Baadaye nilipelekwa Makote. Huko nilijifunza kwamba msimu wa korosho hakuna mgonjwa. Haimaanishi watu wamepona, la hasha, wako shambani. Nikawa nafunga dozi kwenye vikaratasi, nazipeleka mashambani kwa baiskeli, napokelewa na mbwa. Mbwa mmoja wa pale alinichukia hivi hivi tu, bila sababu, na mimi nilimchukia kwa sababu.

Kisha Kitangari, na huko ndiko nilikomkuta Yoramu.

Watu walimwita Nabii. Mimi ni Mwislamu, nabii wangu ninamjua, kwa hiyo yeye nilimwita Yoramu, na yeye aliniita mtani. Wazazi wake walikuwa Wangoni waliotoka upande wa Songea, mimi Myao, na mnajua sisi na Wangoni tulivyo: babu zetu walichoka kupigana, wakatuachia kutaniana. Siku ya kwanza kuingia kwenye uwanja wake wa maombi alinyamazisha kwaya nzima, akasema, "Ficheni kuku, Myao kaja!" Nikamjibu, "Kuku wa Mngoni nitawaibia wapi, si mlishawala wote?" Watu wakacheka, nikapewa kiti.

Nilikuwa nimekwenda pale kutafuta wagonjwa wangu waliopotea. Niliwakuta. Niliwakuta wamevaa nguo safi, wameketi mbele, si nyuma ya nyumba. Wanakula pamoja na watu. Katikati ya maombi binti mmoja wa kliniki yangu, Tunu, alianguka, kwa kuwa alikuwa amesahau dozi ya jana yake. Yoramu aliacha kuhubiri, akaketi chini kwenye vumbi, akakipakata kichwa chake, akamfuta povu kwa mkono wa shati lake jeupe. Alimwimbia mpaka akazinduka. Nilisema moyoni, Mzee Nampala angempenda mtu huyu. Na mimi nilimpenda, kwa nini nifiche? Kwa muda tulikuwa tukisaidiana, yeye anawatoa mafichoni, mimi nawapa dawa.

Kisha akachoma vidonge. Sikuwapo. Niliambiwa kwamba Jumapili moja alisema mwenye imani alete dawa zake, zikatiwa kwenye karai, zikamwagiwa mafuta ya taa. Tunu alikuwa amekaa miaka miwili bila kuanguka zaidi ya ile mara moja. Alikuwa anajifunza cherehani. Siku ya nne baada ya karai lile aliletwa kwetu kwa pikipiki, katikati ya watu wawili, degedege moja haijaisha nyingine imeingia. Tulifanya yote tuliyojua na tuliyokuwa nayo. Alikufa saa nne asubuhi, mkono wake uko mkononi mwangu. Mdogo wake, Fadhila, alikuwa amesimama mlangoni, na yeye alikuwa na ugonjwa uleule.

Nilikwenda kwa Yoramu nikiwa nimevaa sare yangu yenye damu ya pale nilipomtafutia Tunu mshipa. Sikumtania. Nilimwambia, "Umemuua." Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. Akakunja shati, akanionyesha mkono, kovu kubwa la moto kutoka begani.

"Dada, mimi nilianguka motoni nikiwa na miaka sita," akasema. "Nilikuwa naanguka kila wiki. Kidonge sikumeza hata kimoja. Baba alinipeleka kwenye maombi, nikapona, mpaka leo. Sasa unataka niwaambie watu nini? Niwaambie Mungu aliniponya mimi tu, wao wakanywe dawa?"

Ningekuwa nimemkuta tapeli ningejua la kufanya. Tapeli unamshitaki. Huyu alikuwa anasema anachokiamini, na kovu lake liko pale. Nikaondoka. Miaka iliyofuata nilirudi mara nyingi, nikawapata wagonjwa wachache kwa siri, wengine hawakutaka. Fadhila hakutaka. Alihamia kabisa pale kwenye nyumba ya maombi. Mnaniuliza aliwezaje kubaki kwa mtu yule baada ya dada yake? Mtu anayekushika kichwa ukianguka, humwachi kirahisi. Nje ya lango lile watu walikuwa wanamkimbia.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Yoramu akafa. Alianguka bafuni alfajiri, hakuamka. Alikuwa hajafika sitini.

Asubuhi ile tulibishana hapo kituoni, baadhi yenu mlikuwapo. Fadhila alikuwa anaanguka sasa karibu kila siku, nilikuwa na hofu atamfuata dada yake kabla mvua hazijaanza. Na habari ilikwishafika kwamba msaidizi wa Yoramu ameandaa kiapo: kabla ya kuzika, kila mwenye kifafa ataweka mkono juu ya jeneza, aape hatagusa vidonge maisha yake yote. Mfawidhi wetu, mkuu wa kituo, akasema, "Marehemu hasemwi vibaya, Sista. Peleka rambirambi, rudi. Ukimsema leo, utawapoteza wote." Bakari wa maabara akasema, "Ukinyamaza leo umeshawapoteza. Akishafukiwa na sifa peke yake, nani tena atathubutu?" Mfawidhi akasema tusubiri arobaini ipite. Bakari akauliza, wagonjwa nao watasubiri?

Nilisema mimi nina njia yangu. Mtani huruhusiwa. Msibani mtani humwigiza marehemu, humzuia asizikwe, hutaja uroho wake na ubahili wake, na wafiwa hucheka huku wanalia. Hakuna anayemshika mtani shati. Nilijiona mjanja kweli.

Nikaenda na koti kuukuu la marehemu mume wangu, nimejifunga kanga kiunoni. Vijana wa lango walitaka kunizuia. Mama yake Yoramu, Bibi Sabina, kikongwe mwembamba aliyeketi mkekani karibu na jeneza, akapaza sauti, "Mwacheni, huyo ni mtani. Mnataka mwanangu azikwe kama mtu asiye na kwao?" Nikaingia. Nikatembea mwendo wa Yoramu, mguu mmoja unatangulia kama unaogopa mwenzake. Nikahubiri kwa sauti yake. Nikasema, "Enyi Wangoni, mmemweka sandukuni bila kuku, huyu atarudi jioni!" Watu walicheka. Bibi Sabina alicheka mpaka akajifunika uso kwa upande wa kanga.

Hapo ningetoka. Wadogo zangu, hapo ndipo ningetoka. Lakini nilimwona Fadhila mbele, ana bandeji mpya mkononi, na hasira ya miaka yote ikanipanda. Nikagonga jeneza kwa kiganja. "Inuka basi, Yoramu! Si ulisema anayeamini hainuliwi na kidonge? Tunu ulimchomea dawa zake kwenye karai, akafa mkononi mwangu. Leo huko uliko mwambie, ulimchomea kwa nini?"

Kicheko kilikatika. Utani ule ulikuwa umekwisha, na kila aliyekuwapo alijua. Nilikuwa nimelibeba shitaka, nikalivika koti la mume wangu. Fadhila akanitazama, machozi yanamtoka. "Sista, hata leo?" akasema. "Hata hajafunikwa udongo?" Akasogea akaweka mkono wake wenye bandeji juu ya jeneza, wa kwanza kabisa, akaapa. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, hata wasio na kifafa. Nimewahi kukosea kazini, nimewahi kumpa mtu dawa ya mwingine na kumkimbilia njiani. Hakuna kosa lililoniuma kama lile.

Bibi Sabina peke yake hakuweka mkono. Nilidhani ni uchovu. Aliniuliza tu, "Mtani, umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi shika jembe, ufukie. Ndiyo kazi yako."

Nikafukia.

Siku ya kuanua matanga nilirudi kuomba radhi. Nilianza jikoni, nikaosha masufuria na wanawake ambao hawakunisemesha. Baadaye Bibi Sabina akaniita chumbani kwake, akanionyesha niketi chini karibu na kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uliyoyasema juzi ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Lakini pale hapakuwa mahali pake. Nisamehe."

"Mahali pake ni wapi?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. "Mimi nina jambo la kweli nimekaa nalo tangu Yoramu akiwa mtoto, nalitafutia mahali pake. Sijapaona."

Ndipo akaniambia. Yoramu alipoungua, majirani walimwambia mumewe vidonge hufungia pepo ndani ya mtoto, na mume akapiga marufuku. Bibi Sabina akawa anaaga kwenda kuchota maji, anakwenda kwa miguu hadi hospitali ya misheni, anarudi na vidonge vimefungwa kwenye pindo la kanga na ndoo haina hata tone. Kila alfajiri alisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakitia kwenye uji wa mtoto. Alifanya hivyo miaka saba, mpaka muuguzi wa kule akampunguzia kidogo kidogo, akamwambia sasa acha, amepona. Katika miaka hiyohiyo baba alikuwa anampeleka mtoto kwenye maombi.

"Akiwa kijana akasimama kanisani, akashuhudia kwamba hajapata kumeza kidonge," Bibi Sabina akasema. "Mimi nimeketi benchi la nyuma. Baba yake yuko hai. Ningesemaje?"

"Na Tunu alipokufa, mama?"

Alikunja pindo la kanga yake, akalikunjua.

"Nilikwenda mpaka mlangoni kwake. Nikamsikia analia. Nikasema nikimwambia leo, atajua ameua mtu kwa sababu yangu, atavunjika. Nikasema kesho. Kesho nikasema wiki ijayo. Juzi umemlaumu marehemu mbele za watu, mtani. Hukujua unamlaumu nani. Mimi nilijua."

Nililia, sioni haya kuliandika. Nililia kwa ajili ya mama yule, na kwa ajili ya Yoramu, aliyesema uongo maisha yake yote bila kuujua. Nikamshika miguu. Na mimi, yule yule niliyepiga jeneza kwa kiganja, nikamwambia, "Mama, usiseme sasa. Udongo bado mbichi. Pumzika kwanza, arobaini ipite, tutalizungumza taratibu." Nilikuwa nimehamia upande wa mfawidhi, bila aibu.

Kabla hajanijibu, tukasikia kelele uani. Fadhila ameanguka karibu na jiko la msiba. Nilikimbia. Watu walikuwa wamemzunguka wanaomba, nikapenya, nikamvuta mbali na moto, nikamlaza ubavu, nikatazama saa. Ilichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda. Nilipoinua kichwa, Bibi Sabina alikuwa amesimama juu yetu, ameshika ukuta.

"Huyu ana arobaini?" akaniuliza.

Nilimgeuza Fadhila kichwa ili mate yatoke.

Bibi Sabina akawageukia watu. Hakuhubiri. Alisema kama mtu anayeeleza alivyopika: hospitali, pindo la kanga, kijiko, uji. Msaidizi wa Yoramu akamkimbilia kumshika mabega. "Mama, msiba umekuchanganya, njoo ulale."

"Niachie," akasema. "Nilimzaa mimi, nikamnywesha mimi. Wewe umemjua juzi." Kisha akasema kwa sauti iliyokatika, "Mwanangu hakuwadanganya. Aliyemdanganya yeye ni mimi. Msimchukie. Kama mna wa kumsema, niko hapa, nisemeni mimi ninayesikia."

Wanawake walianza kulia, kilio kingine kabisa, si kile cha siku ya kuzika.

"Sista, una kidonge?" Bibi Sabina akaniuliza.

Nilikuwa nacho, muuguzi wa kifafa hatembei bila mkoba. Lakini nilimwambia asubiri. Na ninyi mkumbuke hili: mtu aliyetoka kuanguka hapewi kitu mdomoni mpaka azinduke sawasawa. Tukaketi chini, wote tumezunguka. Nilimwita Fadhila jina lake, akaitika. Nikamuuliza leo siku gani, akasema siku ya kuanua. Nikamwinua, nikampa maji kidogo, yakapita vizuri. Bibi Sabina akamweleza yote upya, polepole, uso kwa uso. Mimi nikamwambia dawa ni yake na mwili ni wake, akikataa hakuna atakayemfukuza.

Fadhila alikitazama kidonge kwenye kiganja changu.

"Na kiapo, bibi?"

"Ulimwapia mwanangu. Mimi ndiye mama yake, nimekufungua."

Akakichukua. Badala ya kumeza, akakitafuna kama mtoto, uso ukakunjamana wote.

"Bibi, kichungu!"

"Najua, nilikuwa nakionja," Bibi Sabina akasema, akamvutia kichwa chake kifuani. "Wa kwangu nilikuwa namtilia sukari."